Mama Alipofagia Kifungo cha Mdogo Wangu

Afisa alipoita jina la mdogo wangu, mama ndiye aliyeitika.

Sikuwepo. Nilisimuliwa na muuguzi wa zahanati kwa simu, asubuhi ileile, nikiwa kibandani kwangu Buzuruga nimeinamia cherehani. Mama alikuwa anafagia uwanja huku ananyunyizia maji vumbi lisitimke, akaingia mwanamke kijana mwenye begi begani. Akaita jina. Mama akanyoosha mgongo, akasema, "Nipo." Yule mwanamke akadhani bibi hasikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa. Mama naye akapandisha sauti: "Nipo, mwanangu! Si ndiyo nafagia hapa?"

"Dada, njoo," muuguzi aliniambia. "Huyu ni afisa wa uangalizi kutoka mahakamani. Mambo yameharibika."

Niliacha sketi ya mteja kwenye sindano na kibanda wazi. Njia nzima nilikuwa namtukana mdogo wangu kimoyomoyo, kwa ufundi, kwa sababu nina uzoefu. Yeye ni kitindamimba wetu, na tangu anajifunza kutembea kazi yake imekuwa kuanguka, na kazi ya mama kumwinua, na kazi yangu kukasirika. Baba alipotutangulia mama akazidisha. Mtu mzima mwenye ndevu, anapakuliwa chakula na kutolewa miiba ya samaki.

Kosa lake la kwanza silifichi. Mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, aligombana na mvuvi mwenzake kuhusu kamba ya wavu iliyokatwa, akampiga kwa kasia, na mkono wa mtu ukavunjika. Mwenye mkono huo ana watoto. Mdogo wangu hakubisha mahakamani, alikiri. Hakimu akamtazama, akaona ni kosa lake la kwanza, akampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Masharti aliyasoma taratibu, kama daktari anayeeleza dozi: kila asubuhi ya siku ya kazi afanye usafi kwenye zahanati ya kata yetu, aripoti kwa afisa kila mwezi, asitoke nje ya wilaya bila kibali, asipigane. "Ukivunja hata moja," alisema, "unarudi mbele yangu, na nitakupa kifungo cha ndani."

Sisi tulisikia neno moja tu, "nje". Mama alichinja kuku. Majirani wakapanda mawe hadi kwetu, Ilemela kule juu, kutupongeza. Ungedhani kijana amefaulu mtihani.

Sasa lazima nieleze habari ya giza, maana wasioishi na ziwa hawaijui. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Taa inawavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu, wanaume wanalala, wanacheza drafti na kushona nyavu. Mwezi wa mvuvi wa dagaa una vipande viwili, giza na mbalamwezi. Na nafasi kwenye mtumbwi haisubiri mtu. Ukikosekana giza moja, giza linalofuata unamkuta mwingine ameketi pale ulipokuwa unakaa. Mdogo wangu alikuwa na nafasi yake kwenye mtumbwi wa kisiwani, nje ya wilaya, na aliipata kwa kuhangaika sana. Basi kifungo chake alikigawa kama anavyougawa mwezi. Mbalamwezi alifagia zahanati. Giza alikwenda kisiwani, na mama akafagia.

Mimi niliambiwa kuna kibali. Siku ile niliyokimbilia zahanati, nikamuuliza mama hapohapo mbele ya watu: "Kibali alitoa nani?"

"Nilitoa mimi," alisema. "Si ni mwanangu?"

Tafadhali msimcheke. Mama alikulia upande wa Kisesa, karibu na Bujora, kwenye vijiji vya wakulima, ambako watu walilimiana kwa vikundi. Leo shamba la fulani, kesho la fulani, na kila kaya inatoa jembe moja. Mume akiumwa, anakwenda mke. Mke akijifungua, anakwenda mdogo wake. Wakati wa kuita, linaitwa jina la mwenye kaya, na yeyote aliyekuja kutoka kaya ile anaitikia jina hilo. Hakuna anayekuuliza sura. Linaloulizwa ni kama nyumba imekuja, na nyumba imekuja. Kwa mama, mahakama ilikuwa na uwanja wake wa kufagiwa na kwetu alitakiwa mtu mmoja. Mtu akaenda, tena anayefagia vizuri kuliko yule aliyetajwa. Muuguzi alimkatalia mwanzoni, lakini mama ana ulimi, na uwanja ulikuwa haujawahi kung'aa vile. Akamwacha.

Nilimkuta afisa amekaa kwenye benchi la wagonjwa pamoja na mama. Walikuwa wameshasalimiana vizuri, shikamoo na marahaba, na mama alikuwa anamuuliza kama ameolewa. Aliponiona alinyanyuka, akanivuta pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Dada, mimi sifurahii kumpeleka mtu gerezani," alisema. "Lakini nimemkuta mama wa watu anatumikia adhabu ya kijana mwenye nguvu zake. Nikieleza nilichokiona, anaingia ndani. Nisipoeleza, naingia mimi."

"Tupe nafasi. Nitamleta."

"Ijumaa asubuhi, ofisini kwangu, kwa miguu yake mwenyewe. Asipotokea, naomba hati ya kumkamata." Akageuka kumtazama mama, kisha akapunguza sauti. "Na kuna lingine. Mama ameniitikia jina lisilo lake, mara mbili, mbele ya watu. Mwendesha mashtaka akilishikilia hilo, mama naye ataulizwa. Kudanganya afisa wa mahakama si mchezo."

 Toka pale nilikuwa na watu wawili wa kuwaokoa, na nilihisi sitawapata wote wawili.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Kule kambini mchana wanalala na simu zimezimwa. Nilikwenda mwaloni, nikazunguka kati ya wanawake wanaonunua dagaa visiwani, nikampata mmoja anayevuka kwenda kisiwa kilekile. Nilifikiri nimtume aseme nini. Nikisema mahakama inakutafuta, namjua, angejificha kwenye matete hadi mwaka uishe. Nikasema, "Mwambie mama yuko matatani kwa ajili yake. Basi. Usiongeze."

Alhamisi nilishinda kwenye mawe ya pwani kama mtu aliyefiwa. Kila boti lililoingia nilisimama. Wanawake walishusha magunia, vijana walishusha ndoo, watu walishuka na kuku na magodoro, yeye hakushuka. Jua lilipozama nilirudi kwa mama. Alikuwa ametulia, anachambua mchele. Nikamgombeza kwa kutulia kwake. Akaniambia niache kelele, mtoto atakuja, na akija atakuwa na njaa.

Ijumaa alfajiri nilifungua mlango nikamkuta ameketi kizingitini, koti la mvua mwilini, ananuka dagaa hadi nywele. Alikuwa amepata lifti kwenye boti la mizigo.

"Mama amefungwa?" aliuliza.

"Bado."

Nikamnasa kibao. Hakujikinga. Mama akatoka akamkumbatia, akamuuliza kama amekula, na mimi nikatoka nje nisije nikawapiga wote wawili.

Tukishuka kwenye mawe kwenda kwa afisa nilimweleza yote, nikihema. Kama atasema hakujua kwamba mama anaitikia jina lake, atasema kweli, kwa sababu hakujua. Alimwomba afagie tu, kuitika alijitungia mama mwenyewe. Lakini akisema hivyo, udanganyifu wote unabaki kwa mama. Kama atasema yeye ndiye aliyepanga, mama yuko salama, na yeye hana pa kutokea. Nilimwambia aseme kweli. Tukafika barabarani nikamwambia asiseme kweli. Alinisikiliza kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake, akasema, "Dada, umeshaongea. Nimesikia." Sikujua amesikia lipi.

Afisa alimpokea, akamshukuru kwa kuja, akampeleka mahakamani. Wakamweka mahabusu hadi Jumatatu. Siku zile mbili mama hakukaa. Alifagia kwake, akafagia kwa jirani, akafagia njia ya mawe ambayo haijawahi kufagiwa na mtu tangu dunia iumbwe.

Jumatatu hakimu alikuwa yuleyule. Chumba kilikuwa na joto na watu wengi wenye kesi zao. Mdogo wangu aliletwa akiwa na shati lilelile la Ijumaa, akasimama kizimbani, akatutafuta kwa macho, akatuona, akaangalia mbele. Nilikaa na mama benchi la pili. Nilikamata kitenge chake kwa nyuma, kimyakimya, kwa sababu nilijua tabia yake.

Mwendesha mashtaka alisoma. Mshtakiwa alitoka nje ya wilaya bila kibali, tena si mara moja. Hakufanya kazi aliyopangiwa. Alimwacha mtu mwingine aifanye, na mtu huyo alijitambulisha kwa jina la mshtakiwa.

"Unakubali au unakataa?" hakimu aliuliza.

"Nakubali, mheshimiwa."

"Una sababu?"

"Giza, mheshimiwa."

Hakimu akainua macho. Bila shaka ni mtu wa mbali na ziwa, hakuelewa. Karani, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa la visiwa vya ziwani, akamnong'oneza jambo, na hakimu akaitikia kwa kichwa taratibu. Nilipata tumaini dogo pale. Nilidhani ametuelewa, atamkaripia na kumrudisha kwenye ufagio wake. Hata afisa alipoulizwa maoni alisema mazuri: kwamba kijana alikuja mwenyewe bila kukamatwa, kwamba siku alizofika alifanya kazi. Nikaanza kupumua.

Kisha mwendesha mashtaka akasimama tena. "Mheshimiwa, naomba mahakama ijue nani alimwelekeza huyu mama kuitikia jina la mshtakiwa. Kama mama alifanya kwa uamuzi wake, upande wetu utaangalia hatua za kuchukua."

Chumba kizima kikaanza kutafuta huyu mama ni nani. Hakimu akamgeukia mdogo wangu. "Jibu. Nani alimwambia aitike?"

 Kabla hajajibu, mama akasimama. Nilivuta kitenge, kikanifungukia mkononi, yeye akabaki amesimama na gauni lake la kanisani.

"Mheshimiwa, mimi—"

"Mama, kaa," alisema karani.

"Nakaa, lakini kwetu—"

"Mama, tafadhali kaa chini!"

Hakukaa. Alikuwa amefungua mdomo kuendelea, na nilijua anachokwenda kusema, ataeleza kikundi cha kulima na jembe la kila kaya, ataeleza kwa fahari, na kila neno litakuwa kamba shingoni mwake.  Nikasali, sitaficha nilichosali. Nilisali mdogo wangu azame ili mama abaki juu.

"Mimi ndiye niliyemtuma, mheshimiwa," mdogo wangu alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. "Nilimwambia afagie, na akiulizwa aitike. Alikuwa hataki. Nikamlazimisha."

Mama akamgeukia kama amesikia lugha ya wageni.

Hakimu alivua miwani. "Ulimlazimisha mama yako mzazi adanganye mahakama?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa hiari yako unasema hivyo?"

"Ndiyo."

Neno "nikamlazimisha" ndilo lililommaliza. Kama angeishia kwenye "nilimtuma" labda angepona. Aliongeza lile ili mtu asibaki na swali lolote la kumuuliza mama, na kweli hakuna aliyemuuliza tena. Mwendesha mashtaka alikaa. Hakimu alisema kifungo cha nje ni imani ambayo mahakama inampa mtu, na mshtakiwa ameitumia imani ile kumtwisha mzazi wake. Akakifuta. Akampa mwaka mmoja gerezani, kuanzia siku ile.

Mama alikuwa bado amesimama. "Mheshimiwa," alisema, na safari hii hakuna aliyemkatiza, "na zile siku nilizofagia, mtampunguzia?"

Watu wachache wakacheka nyuma. Ningewajua ningewafuata hadi makwao. Hakimu hakucheka.

"Haziwezi kuhesabiwa, mama," alisema kwa upole. "Adhabu ni ya mtu, si ya nyumba."

Afisa alikuwa anaangalia sakafu. Wakampitisha mdogo wangu mlango wa pembeni, na tulipozunguka uani tulimkuta ameshafungwa pingu pamoja na mwenzake, wanasubiri kupandishwa karandinga. Hawakuturuhusu kumkaribia. Alitupungia kwa mkono uliofungwa, kwa hiyo mwenzake naye alitupungia bila kupenda.

Nilikuwa nimebeba hasira ya miaka mingi kwa yule kijana. Nimekula nayo, nimelala nayo, imenisaidia kufanya kazi. Pale uani aliniondolea yote kwa dakika moja, na sikumshukuru, nilimwonea uchungu na nikajionea uchungu mimi. Sikujua nitafanya nini na mikono yangu. Nikamfunga mama kitenge.

"Kwa nini alisema nilikuwa sitaki?" mama aliuliza njiani. "Nilikuwa nataka."

"Najua."

"Sasa kwa nini alisema?"

 Alikuja kulipata jibu mwenyewe, siku ya tatu au ya nne, akiwa anaosha vyombo. Nilimwona ameacha sahani majini, ametulia. Hakuniambia alichokipata. Alisema tu tutakwenda kumwona siku ya kuona wafungwa, na kwamba ana neno naye.

Jumapili hiyo tulipanga foleni getini pamoja na wake na mama za wafungwa wengine. Tulikaguliwa, tukaingizwa kwenye banda refu lenye wavu wa chuma katikati, wao upande ule, sisi upande huu, na askari magereza anatembea huku na huku akisikiliza. Mdogo wangu alikuja na nguo ya rangi ya chungwa, kipara, masikio yamekuwa makubwa. Alitabasamu. Akauliza habari za nyumbani. Mama hakujibu salamu.

"Uliwadanganya," alisema. "Hukunituma kuitika. Wala hukunilazimisha."

"Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi. Umekaa humu kwa ajili ya uongo. Mwite huyu askari, nimweleze. Nani aliitika? Si mimi? Basi niingie mimi, wewe utoke, giza linakaribia, watampa mtu nafasi yako."

Askari alisimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo. "Mama, unasema nini?"

 Neno moja tu la mama, mbele ya mtu wa serikali, na kile alichokinunua mdogo wangu kwa mwaka wake mzima kingekwenda na maji. "Shikamoo, mzee," nilirukia. "Mama hajalala siku nyingi. Anaongea tu."

"Siongei tu!" mama alisema.

Askari alimtazama mama, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. Sijui alielewa kiasi gani. "Malizeni," alisema, akaenda mwisho wa banda, akatugeuzia mgongo.

Mdogo wangu alisogea hadi paji la uso likagusa wavu. Aliacha Kiswahili, akazungumza kwa Kisukuma chetu, polepole, kama anavyozungumza mtu na mtoto wake.

"Mayo, mama yangu," alisema, "shule ulinibebea begi. Baba alipokufa ulilia na sehemu yangu. Hata zahanati ulinifagilia. Hii moja niachie. Nataka niimalize mwenyewe."

Mama alifungua mdomo. Nilimsubiri, kwa sababu sijawahi kumwona akikosa la kusema. Aliufunga. Akamtazama mwanawe toka kichwani hadi miguuni, kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akageuka akatangulia kwenda getini bila kumuaga.

Nilimfikia nje, kwenye ukuta. Alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu kesi ile ianze, kwa sauti, mbele ya watu wa foleni. Nilinyoosha mkono kumfuta machozi, halafu nikaurudisha. Nikasimama pembeni yake, nikamwacha alie mwenyewe.